Paka wa ndani na paka wa nje: Wote tahiri, lakini matunzo yao si mamoja

Leo katika safu hii tuzungumze juu ya mnyama ambaye ni nadra kukosekana katika nyumba ya Muislamu, naye ni paka. Mbwa tumemweka mbali, na kila mtu anajua sababu yake. Paka tumemwingiza ndani, tunampa mabaki ya chakula chetu, na watoto wetu wanalala naye mkeka mmoja. Kisheria hapana ubaya katika hilo.

Tatizo ninaloliona mimi, nikiwa tabibu ninayehudumia wagonjwa kila siku, na nikiwa pia nimepitia madrasa, ni kwamba tumeichukua hukumu ya tohara ya paka tukaigeuza kuwa cheti chake cha afya. Tunasema "paka si najisi", basi, mazungumzo yamekwisha. Hatuulizi jana alilala wapi, alikula nini, wala alipigana na nani huko jalalani.

Rai yangu ni hii: paka anayeshinda ndani ana haki zake, na paka anayeishi nje ana zake. Lakini yupo wa tatu, anayeingia na kutoka apendavyo, ambaye ndiye aliye katika nyumba zetu nyingi. Huyo ndiye anayehitaji matunzo zaidi kuliko hao wawili, na aghalabu ndiye asiyepata lolote.

Sheria imesema nini, na haikusema nini

Wengi wetu tumeisoma madrasa Hadithi ya Abu Qatada (r.a.). Alitiliwa maji ya kutawadha na mkwewe, Bi Kabsha bint Kaab, akaja paka kutaka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomuona Bi Kabsha anashangaa, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hadithi hii imepokewa na Imam Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo.

Tuitazame sababu iliyotajwa: paka anatuzunguka. Yaani ni mnyama aliye pamoja nasi muda wote, na lau kila alipogusa pangekuwa najisi, maisha yangekuwa mazito. Hiyo ni rehema na wepesi kutoka kwa Mola wetu. Lakini Hadithi haikusema kwamba kinyesi cha paka ni safi, wala mkojo wake. Hivyo ni najisi, na mswala uliokojolewa na paka hauswaliwi mpaka utoharishwe. Wala Hadithi haikusema kwamba jino la paka halina madhara.

Tena mafakihi wetu hawakuacha kuuliza paka katoka wapi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wanazuoni walijadili suala la paka aliyeonekana akila panya, kisha akatia mdomo wake katika maji machache. Wakatofautisha kati ya aliyekunywa papo hapo, na yule aliyetoweka kwa muda ambao huenda ameshakunywa maji mengi mahali pengine, mdomo wake ukasafika. Kwa hiyo kuchunguza nyendo za paka si wasiwasi wa watu wa hospitali tu. Vitabu vya fiqhi vimelitangulia jambo hilo kwa karne nyingi.

Ipo na Hadithi ya pili, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, na wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hii huwa tunaisoma kama onyo dhidi ya ukatili, na ni kweli. Lakini ndani yake mna somo la matunzo pia. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kusalimika: amlishe au amwachie. Ukimfungia paka ndani, riziki yake yote inakuwa shingoni mwako. Ukimwachia, atajitafutia, lakini atarudi nyumbani na alivyovipata huko. Tuziangalie njia hizo moja baada ya nyingine.

Paka wa ndani

Zamani paka wa kufungiwa ndani alikuwa nadra. Siku hizi watu wanaishi ghorofani, kama pale Kariakoo, na paka analelewa ghorofa ya nne au ya tano bila ya kukanyaga udongo. Paka huyu ana salama nyingi. Hagongwi na gari, hapigani na paka shume, hali panya aliyekufa kwa sumu, na hakutani na mbwa. Minyoo na viroboto kwake ni vichache. Kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko mwenzake wa nje.

Lakini salama hiyo ina gharama, na gharama ya kwanza ni chakula. Paka ameumbwa kuwa mla nyama. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho hauwezi kukitengeneza cha kutosha, na ambacho kinapatikana katika nyama na samaki, hakipatikani katika ugali wala wali. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka anayekosa taurini huharibika macho, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba moyo wake nao hutanuka na kudhoofika. Madhara haya hayaji kwa siku moja. Huchukua miezi, na jicho likishaharibika halirudi.

Sasa tujiulize: kwa nini paka wa bibi zetu, aliyekuwa akipewa ugali na mchuzi, hakupofuka? Kwa sababu alikuwa akitoka. Usiku alikula panya, mjusi na panzi, na kilichokosekana katika ugali alikipata huko. Ukimchukua paka huyo ukamfungia ndani, kisha ukaendelea kumpa ugali na mchuzi ule ule, tumbo lake litajaa na mwili wake utakuwa na njaa. Ni jambo la kutia hofu kwa mwenye kuikumbuka Hadithi ya mwanamke yule.

Wala si lazima ununue chakula cha makopo. Dagaa wazima, vichwa vya samaki, moyo wa kuku au wa ng'ombe, vyote hivyo vina taurini na vinapatikana sokoni. Vipike, na ule mchuzi wake usiumwage, kwa kuwa taurini huingia katika maji ya kupikia. Uvipike bila ya vitunguu maji na vitunguu saumu, kwa sababu hivyo ni sumu kwa paka. Huharibu damu yake. Mchuzi wetu wa kawaida, wenye kitunguu na viungo, si chakula chake. Ama maziwa ya ng'ombe, paka wakubwa wengi huharisha kwayo. Kinywaji chake ni maji safi, yabadilishwe kila siku.

Gharama ya pili ni choo. Paka wa ndani awekewe beseni lenye mchanga mkavu au maranda ya seremala, mahali palipotulia, mbali na jiko na mahali pa kuswalia. Kinyesi kiondolewe kila siku. Sababu yake tutaiona mbele. Paka dume anayeingia chooni mara kwa mara, akichuchumaa na kulia bila ya kutoa mkojo, ameziba njia ya mkojo. Hiyo ni dharura. Usimngojee mpaka kesho kutwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tatu ni mwili na akili yake. Paka aliyefungiwa ambaye hana la kufanya hula, hulala, hunenepa, na akichoka hugeukia makochi na mapazia yenu. Mpatieni gogo au kipande cha gunia cha kunolea kucha, na watoto wacheze naye kwa kamba. Dirisha la ghorofani na roshani viwekewe wavu. Watu husema paka haanguki vibaya, lakini wapo wanaovunjika miguu na taya kwa kuanguka kutoka ghorofani.

Na iwapo nyumbani yuko mwenye pumu, tujue kwamba paka wa ndani humdhuru zaidi kuliko wa nje. Kinachomchokoza mwenye pumu hasa si unyoya wenyewe, bali ni chembechembe zitokazo katika mate na ngozi ya paka, ambazo hubaki katika mazulia na magodoro. Mgonjwa wa aina hiyo asilale chumba kimoja na paka.

Paka wa nje

Huyu ni paka wa uani, wa sokoni, wa msikitini, wa vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe. Ana faida kubwa, kwani hupunguza panya, na panya ni adui wa chakula na wa afya. Hadaiwi mazoezi, wala beseni la choo. Tabu zake ni za namna nyingine.

Ya kwanza ni sumu. Tunaweka sumu ya panya, panya anayumba, paka anamla, na paka naye anakufa. Mwenye paka na asitumie sumu; atumie mtego. Wako pia wanaompaka paka dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa ili kuua viroboto. Baadhi ya dawa hizo huua paka kwa kutetemeka na degedege. Na katu asipewe parasetamo. Kidonge kimoja tu, ambacho kwako ni nafuu ya kichwa, kinatosha kumuua paka.

Ya pili ni viroboto. Mbali na kumnyonya damu na kumpa minyoo, ndivyo vinavyosambaza kutoka paka hadi paka bakteria wanaoleta homa ya mparuro. Mtoto akiparurwa, hasa na kinda la paka, baada ya wiki moja au mbili huweza kupata homa na mitoki ya kwapani au shingoni. Wazazi wengi hawaunganishi mambo haya mawili. Ukija hospitali na mtoto mwenye mitoki, na nyumbani mna paka, mwambie tabibu. Vivyo hivyo mapunye na choa, ambavyo makinda huvibeba katika manyoya yao.

Ya tatu, na hii naomba akina mama waizingatie, ni kinyesi cha nje. Paka huficha kinyesi chake mchangani. Hiyo ni tabia nzuri, lakini mchanga laini anaoupata mjini aghalabu ni lile fungu la mchanga wa ujenzi mbele ya nyumba, ambalo watoto wetu hucheza juu yake pekupeku kutwa nzima, au ni tuta la mchicha. Humo hubaki mayai ya minyoo ya paka. Mengine humezwa na mtoto anayelamba vidole. Safura za paka na za mbwa zenyewe hupenya ngozi ya mguu na kuchora mstari mwekundu unaowasha na kutambaa kila siku. Funikeni mchanga huo kwa turubai. Hilo ni jambo dogo lenye faida kubwa.

Humo pia ndimo mlimo vijidudu vya toksoplasma. Vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1908, mjini Tunis na huko Brazil, lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka wataalamu walipothibitisha kwamba ni katika utumbo wa paka ndimo vinamokamilisha uzazi wao. Paka huvipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha huvitoa katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi. Kwa mtu mwenye afya aghalabu havileti shida. Kwa mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, vinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo, au kuiharibu mimba. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana, vinaweza kushambulia ubongo.

Je, mjamzito amfukuze paka? La hasha. Kinyesi kibichi cha paka hakiambukizi papo hapo. Vijidudu hivyo huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Ndiyo maana tukasema beseni la paka wa ndani lisafishwe kila siku. Kazi hiyo, pamoja na kufyeka na kupalilia bustani, aifanye mtu mwingine katika nyumba, na akina baba wasione haya. Kama hapana mwingine, avae glavu na anawe kwa sabuni. Aoshe mboga vizuri na nyama aipike iive, kwani watu wengi huvipata vijidudu hivi kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, bila ya kumgusa paka. Na paka wa ndani, anayekula chakula kilichopikwa na asiyewinda, hatari yake kwa mjamzito ni ndogo sana.

Paka anayeingia na kutoka

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Ni kweli, hafukuzwi. Lakini huyu wetu ni wa nyumba gani? Magharibi yuko kwenye kochi, Isha ametoka, usiku kucha yuko juu ya mapaa na jalalani, Alfajiri anarudi na kujikunja kwenye godoro la mtoto. Chakula tunampa cha kubahatisha, kwa kuwa "atajitafutia". Chanjo hatumpi, kwa kuwa "ni paka wa ndani". Tukihitaji kumlisha tunamwita wa nje, na tukihitaji kumkumbatia tunamwita wa ndani. Hapo ndipo ninaposema kwamba hatumtendei haki, wala hatuwatendei haki watoto wetu.

Jambo kubwa hapa ni kichaa cha mbwa. Jina la maradhi haya limetupoteza. Tunadhani ni shauri la wenye mbwa, na sisi Waislamu tusiofuga mbwa tumepona. Ni kweli kwamba watu walio wengi, kiasi cha 99 katika kila 100 wanaokufa kwa maradhi haya, wameambukizwa na mbwa. Lakini mbwa huyo akimng'ata paka usiku, paka naye hupata kichaa, na asubuhi huyo paka yumo chumbani mwako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba kiasi cha 40 katika kila 100 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto hao hao ambao ndio marafiki wakubwa wa paka.

Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu wote hufa. Na dalili huchelewa. Kwa kawaida ni miezi miwili au mitatu, na huweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Kovu limeshapona, mtoto ameshasahau, ndipo anaanza kuogopa maji, kushtuka kwa upepo, kuweweseka na kutokwa na mate. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hudhaniwa amepagawa, akapelekwa kusomewa. Kisomo ni dua na dua ni ibada, hatuikatai. Lakini hapo dawa iliyokuwa ikihitajika ilikuwa ni sindano, na wakati wake ulikuwa ni siku ile alipoumwa.

Paka mwenye kichaa hubadilika. Aliyekuwa mpole huwa mkali na kuuma bila ya kuchokozwa. Aliyezoea watu hujificha gizani. Sauti hubadilika, mate humtoka, hushindwa kumeza, na miguu hulegea. Ukimuona hivyo usimshike wala kumtilia maji mdomoni. Waondoe watoto, na mwite afisa mifugo.

Akikuuma au kukuparura

Jeraha la paka linadanganya. Meno yake ni membamba kama sindano, kitundu kinaonekana kidogo, lakini uchafu umeshapelekwa ndani kabisa, na mkono huweza kuvimba na kutunga usaha kabla ya siku moja kupita. Fanyeni hivi:

Kwanza, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Tazameni saa, dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyodhani. Hakuna bomba? Mtu mmoja amwage kwa kata, mwingine aoshe.

Pili, msipake majivu, kahawa, pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Tunayaona hayo kila mara, na hayaui virusi vya kichaa.

Tatu, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mparuro tu uliotoa damu, au paka kalamba kidonda. Mtahitaji kuangaliwa kwa ajili ya chanjo ya kichaa, ya pepopunda, na dawa ya kuzuia usaha. Zahanati isipokuwa na chanjo, ulizeni ni wapi ilipo na mwende. Sindano ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa. Msiziache njiani kwa kuwa mtoto anaonekana mzima.

Nne, msimuue paka na kumtupa. Kama anajulikana na anaweza kufungiwa kwa usalama, aangaliwe siku 10. Paka aliyekuwa na virusi katika mate siku ile alipouma hudhihirisha maradhi au kufa katika muda huo. Akibaki mzima, tabibu ataamua juu ya sindano zilizosalia. Lakini msingoje siku hizo 10 ndipo muanze matibabu.

"Mbona wazee wetu hawakuchanja?"

Swali hili naulizwa sana, na linastahiki jibu. Wazee wetu walikufa kwa mengi ambayo sisi hatufi kwayo, na mengine hayakuandikwa popote ila kwa jina la mashetani. Tena miji yao haikuwa na majalala kama yetu, wala watu hawakubanana hivi. Si dharau kwao kutumia elimu ambayo Allah (s.w.) ametufungulia sisi.

Na kwamba chanjo inafaa, ushahidi uko jirani. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilikikata kichaa ikafika mwaka 2014 hakionekani tena. Mwaka 2016 kikarudi, wakarudi kuchanja, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 kikawa kimetokomezwa tena. Somo la Pemba ni kwamba mbwa wakichanjwa, na paka na watu wanasalimika. Kwa hiyo Muislamu asiyefuga mbwa naye ana maslahi katika kampeni ya kuchanja mbwa wa mtaani kwake, na asiipuuze.

Wapo watakaosema gharama. Mimi si daktari wa mifugo na siuzi chanjo. Lakini nimeshaona gharama ya kumhangaikia mtoto aliyeumwa: nauli za kwenda na kurudi hospitali kwa kila sindano, siku za kazi zinazopotea, na usingizi wa mama. Chanjo ya paka ni sindano moja akifikia miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda atakaoelekeza daktari wa mifugo, aghalabu kila mwaka. Mwenye kumnunulia mtoto viatu vya Idi ana uwezo wa hilo.

Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba iamue. Kama paka ni wa ndani, akae ndani kweli, na chakula, choo na mchezo wake viwe ni wajibu wetu. Kama ni wa nje, awekewe maji na chakula uani, apate chanjo na dawa ya minyoo, na mahali pake pa kulala pawe kibarazani au stoo, si kwenye magodoro. Kama ni wa kuingia na kutoka, basi alipiwe kote kuwili: chanjo, dawa ya minyoo na ya viroboto kama anayeishi nje, na chakula kamili kama anayeishi ndani. Asiyechanjwa asilale na mtoto. Hili nalisema bila ya kigugumizi.

Pili, vyakula vifunikwe kwa kawa na vyombo vya maji vifungwe, kama alivyotuelekeza Mtume (s.a.w.) kufunika vyombo usiku. Kusalia kwa paka kuwa ni tahiri hakuna maana kwamba tumwachie sufuria wazi.

Tatu, suala la uzazi. Paka jike hubeba mimba kwa kiasi cha miezi miwili tu, na huanza akiwa bado mdogo. Matokeo yake tunayajua: makinda yanatiwa katika kiroba na kwenda kutupwa sokoni usiku, yakifa kwa njaa na magari. Huo si uungwana wala si dini. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kumhasi mnyama. Wapo waliokataza, na wapo walioruhusu panapokuwa na maslahi bila ya kumtesa. Muulizeni sheikh mnayemuamini pamoja na daktari wa mifugo. Lakini kutupa makinda hakuna sheikh aliyekuruhusu.

Nne, misikiti na madrasa zetu zisaidie. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kamati ya msikiti inaweza kuzungumza na ofisi ya mifugo ya kata, ikapangwa siku moja, kila mwenye paka akaja naye ndani ya kikapu, na paka wa msikitini nao wakachanjwa kwa michango ya waumini. Walimu wa madrasa nao wawafundishe watoto mambo mawili pamoja na Hadithi ya Abu Qatada: wasimsumbue paka anayekula au anayenyonyesha, na wakiumwa waseme siku hiyo hiyo, hawatapigwa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa, na kuficha huko ndiko kunakoua.

Mtume (s.a.w.) alimwacha Abu Huraira (r.a.) aitwe kwa jina la kipaka chake, na jina hilo limebaki katika vitabu vyetu mpaka leo. Umma wenye historia kama hiyo hauwezi kumchukulia paka kama takataka, wala kama mwanasesere. Ni kiumbe chenye haki, na haki yake inategemea mahali tulipomweka. Kabla ya kulala leo, kila mzazi ajiulize: paka wetu ni wa ndani, wa nje, au ni wa kuingia na kutoka, na je, amechanjwa?